Aliyeshika Palepale

Kwenye kwaya yetu hapa Tabora yupo mama mmoja mpiga kayamba. Hajawahi kupewa ubeti wa kuimba peke yake, kwenye picha za kwaya husimama pembeni, na akisafiri hakuna anayetangaza kwamba leo hatunaye. Wimbo wenyewe ndio unaotangaza. Sauti ya kwanza wanakimbia, besi wanaburuza, na mimi kwenye kinanda sijui nimfuate nani. Miaka yote nilijua kwamba akiwepo mambo yanakaa sawa, ila sikuwahi kujiuliza anafanya nini hasa. Aliyenifumbua masikio ni mtunzi mmoja wa Marekani, kwa muziki wa kujirudiarudia, wanaouita minimalism, ambao wateja wangu wengi hawataki hata kuusikia.

Nina duka la steshenari. Tunachapa barua, tunatoa kopi, tunalaminisha vyeti, na kutwa nzima spika ndogo iliyo juu ya kabati inaimba. Fratere mmoja, mwenzangu katika mambo ya nota, alinijazia flashi muziki wa kila namna: kwaya, misa za zamani, dansi, na mafaili mengine yasiyo na majina ya kueleweka. Moja lilikuwa refu, karibu saa nzima. Nikaliweka likajipigia. Mteja aliyekuwa anasubiri kopi akavumilia, akavumilia, mwisho akasema, "Kaka, redio yako imekwama."

Nikamwambia haijakwama, asikilize vizuri. Akasikiliza kwa heshima tu, akachukua karatasi zake. "Basi itakuwa ilikwama hukohuko iliporekodiwa."

Kazi yenyewe inaitwa Music for 18 Musicians, ya Steve Reich, mzaliwa wa New York mwaka 1936. Ilipigwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Town Hall, New York, Aprili 1976. Ina piano, marimba, zailofoni, vibrafoni (marimba ya vyuma), klarineti, violini, selo na sauti za wanawake wasioimba neno lolote. Inaanza na mapigo ya haraka yaliyo sawasawa, na mapigo hayo hayakatiki mpaka mwisho. Juu yake zinapita kodi kumi na moja (kodi za kinanda, yaani nota kadhaa zikilia pamoja, si zile za TRA), na kila moja inashikwa kwa urefu wa pumzi ya mpuliza klarineti. Pumzi ikiisha, sauti inafifia. Baadaye kila kodi inarudiwa na kufunguliwa kwa dakika kadhaa, kitu kidogo kikiongezwa hapa, kingine kikipunguzwa kule. Hakuna mtu anayesimama mbele na kijiti. Wakati wa kuhama ukifika, mpiga vibrafoni anagonga ishara yake na wote wanahama.

Mwanzoni masikio yangu yalikuwa yanasubiri wimbo uanze. Dakika zinapita, nasubiri. Kisha nikasahau kusubiri kwa sababu kulikuwa na vyeti vya kulaminisha, na hapo ndipo nikasikia kajisauti fulani kanacheza katikati ya marimba, kanapanda na kushuka, ambako hakuna mpigaji hata mmoja aliyekuwa anakapiga. Kalizaliwa kutokana na mikono ya watu kadhaa iliyoingiliana. Kesho yake niliporudia faili nilikatafuta nisikaone, nikapata kengine. Muziki ni uleule, hata nota moja haijabadilika.

Ili nielewe inakuwaje, ilibidi msimu wa mitihani ufike. Shule zikileta kazi nyingi, mashine zangu mbili za kopi hufanya kazi kwa pamoja, na ile kuukuu ni nzito kidogo kuliko mwenzake. Ukizibonyeza kwa wakati mmoja, mwanzo zinalia mlio mmoja. Baada ya kurasa kadhaa ile kuukuu inabaki nyuma kwa unywele, mlio unanenepa. Halafu unapasuka ukawa miwili, unaanza kusikia mdundo wa tatu ambao si wa mashine hii wala ile, mpaka mbele kule zinakutana tena na kulia pamoja. Nilikuwa nimeishi na kelele hiyo muda mrefu nikiichukulia ni adha ya kazi.

Reich yalimpata hayohayo mwaka 1965, ila yeye alikuwa na mashine za tepu. Alikuwa amemrekodi mhubiri wa barabarani pale Union Square, San Francisco, akihubiri habari za Nuhu na gharika. Akakata kipande kifupi cha maneno, akakiunga kikawa pete inayojirudia, akaweka pete mbili zinazofanana kwenye mashine mbili akitaka kuzipanga kwa namna aliyoikusudia. Mashine hazikwenda sawa. Moja ikaanza kuponyoka taratibu. Mwingine angezima na kuanza upya. Yeye akaacha ziende, akasikiliza maneno yakigeuka mdundo, mdundo ukigeuka gharika yenyewe. Miaka miwili baadaye akawapa binadamu kazi ile: Piano Phase, ya 1967, ina wapiga piano wawili wenye kipande kilekile. Mmoja anaongeza kasi kidogo sana mpaka anamtangulia mwenzake kwa nota moja, anatulia hapo, kisha anaongeza tena. Mwenzake habadiliki.

Hapo kwa "mwenzake habadiliki" ndipo nilipokwama. Nikaanza kumtafuta mtu huyo kila mahali, na kwenye muziki huu nilimkuta kila nilikogeukia. Chukua In C ya Terry Riley, ya mwaka 1964, ambayo wengi huihesabu kuwa ndiyo iliyoufungulia muziki huu mlango. Ni vipande vifupi 53 kwenye karatasi. Wapigaji wawe wangapi, wawe na vyombo gani, ni juu yao. Kila mmoja anarudia kipande mara nyingi kadiri apendavyo ndipo anahamia kinachofuata, mradi asiwaache wenzake mbali. Kwenye mazoezi ya kwanza watu walikuwa wanapoteana. Reich, aliyekuwa mmoja wa wapigaji, ndiye aliyeshauri mtu mmoja akae kwenye piano agonge nota ya do ya juu, hiyohiyo, bila kuacha, ili wengine wapate pa kushikia. Katika Four Organs ya 1970, vinanda vinne vinashika kodi moja na kuirefusha zaidi na zaidi, huku pembeni mtu mmoja akitikisa marakasi, yaani vibuyu vya kutikisa kwa mkono, pigo kwa pigo tangu mwanzo hadi mwisho. Ilipopigwa Carnegie Hall Januari 1973, ukumbi ulichafuka. Wengine walizomea, wengine walipiga makofi kazi ikiendelea ili ikatishwe. Mimi namfikiria yule wa marakasi. Watu wanapiga kelele, vinanda vinasubiriana, yeye anatikisa tu.

Vijana wa kwaya walipoanza kunizoea na muziki wangu huu, mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hii si ngoma yetu tu, wameivalisha suti?"

Swali zuri, na sikulijibu kwa neno moja. Reich alikwenda Ghana mwaka 1970, akajifunza ngoma za Waewe kwa mwalimu Gideon Alorwoyie pale Chuo Kikuu cha Ghana, Legon. Alikaa wiki chache tu, malaria ikamrudisha kwao. Aliporudi akatunga Drumming, kazi ya takriban saa moja ya ngoma ndogo, marimba na vyuma vya kugonga. Mwenyewe amesema safari ile ilimthibitishia alichokwisha kukianza, na kweli Piano Phase ilikuwa imetangulia. Lakini pia mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa ameshaona maandishi ya mmisionari A. M. Jones, aliyeziandika ngoma hizohizo kwa nota. Kwa hiyo deni lipo na lisemwe. Ila si kitu kimoja. Mpiga ngoma wa manyanga au hiari ya moyo, ngoma zetu za huku, anamtazama mchezaji. Akimwona amechoka anambadilishia, akimwona amepandisha anamchochea. Muziki wa Reich wa miaka ile hautazami mtu. Ukishawashwa unafuata njia yake hatua kwa hatua mpaka inapoishia, hata ukumbi ubaki mtupu. Mimi naona hapo ndipo penye upungufu wake, na pia ndipo penye mvuto wake wa ajabu. Wanamuziki wa Bamako, Mali, walipoichukua In C mwaka 2013 wakaipiga kwa balafoni (marimba ya kwao) na kora (kinubi chao), walirudisha kile cha kutazamana, na rekodi yao naipenda kuliko nyingi za Wazungu.

Kwa wale wasioridhika na maneno, nikaleta Clapping Music ya mwaka 1972. Haihitaji kinanda wala umeme. Watu wawili na viganja vyao. Kuna mapigo kumi na mawili; piga matatu, acha moja, piga mawili, acha moja, piga moja, acha moja, piga mawili, acha moja. Wote wanaanza pamoja. Baada ya kurudia mara kadhaa, mmoja anaruka pigo moja mbele, wanarudia. Anaruka jingine, wanarudia. Mpaka arukaye azunguke mapigo yote kumi na mawili na kumkuta mwenzake palepale alipomwacha. Haifiki dakika tano.

Tuliifanya barazani baada ya mazoezi, na kila kijana alitaka kuwa yule anayeruka. Ndiyo sehemu ya kujionyesha. Yule wa kubaki wakampa aliyeonekana hajui. Jaribio la kwanza halikufika hata mruko wa tatu. Anayeruka alikuwa anaweza. Anayebaki ndiye aliyebebwa. Masikio yake yalimfuata mwenzake, viganja vikafuata masikio, wakajikuta wanapiga kitu kimoja na kucheka. Tukabadilisha watu, mambo yaleyale. Wapo walioziba masikio kwa mabega. Wapo waliohesabu kwa sauti mpaka jasho likawatoka.

Mama wa kayamba alikuwa anamsubiri bodaboda. Nikamwita. Alisikiliza mdundo, akaushika, akapiga huku anatazama barabarani, na kijana akaruka zamu zake zote akamzunguka akarudi. Bodaboda ikafika yeye bado anapiga.

"Mama, umewezaje?"

"Mwalimu, mimi namwacha apite tu."

Jibu hilo limenisaidia kufundisha kuliko semina nyingi nilizohudhuria. Wiki iliyofuata nilimhamisha kutoka pembeni nikamweka katikati, besi mkono huu na sauti ya pili mkono ule, nikapunguza kinanda. Wapo walionuna, kwa sababu katikati ni mahali pa wenye sauti. Waliponyamaza wakasikia.

Kuna tunda jingine la barazani, na hili limeleta maneno. Baada ya komunyo nikajaribu antifona fupi irudiwe mara nyingi, sauti zikiingia moja moja na kutoka moja moja, kama wafanyavyo wale ndugu watawa wa Taizé kule Ufaransa ambao nyimbo zao zimefika hata parokia zetu. Mzee mmoja wa baraza la parokia akaniita nje. Ubeti wa pili uko wapi? Mbona mnarudiarudia? Nikamkumbusha kwamba siku ya mkesha wa Pasaka tunaimba Litania ya Watakatifu, "utuombee" baada ya "utuombee", na sijamsikia mtu akiuliza ubeti wa pili. Akasema litania ni sala. Nikamwambia na hii pia. Hatukukubaliana, ila antifona imebaki.

Kipande cha Reich kilichonigusa kuliko vyote nilikisikiliza kwenye treni, nikielekea Ujiji kwa wakwe. Different Trains, ya mwaka 1988, aliwatungia Kronos Quartet, wapiga violini wawili, viola na selo. Reich alipokuwa mtoto wazazi wake walikuwa wameachana, mmoja New York, mwingine Los Angeles, na kati ya mwaka 1939 na 1942 alisafirishwa kwa treni huku na huku pamoja na yaya wake. Ukubwani akawaza: yeye ni Myahudi, angekuwa Ulaya miaka hiyo, angepandishwa treni za namna nyingine kabisa. Akakusanya sauti zilizorekodiwa, ya yaya wake, ya mzee aliyehudumu kwenye mabehewa ya Marekani, za Wayahudi walionusurika, akatafuta ndani ya kila kipande cha maneno ule wimbo uliojificha katika usemaji wa mtu. Mtu anaposema, viola au selo inapiga kilekile alichosema, kwa mwinuko uleule, tena na tena, magurudumu yakienda chini yake.

Treni ya Kigoma ni ya reli ya zamani, ile ambayo Wajerumani waliifikisha ziwani mwaka 1914. Usiku behewa la daraja la tatu halina ukimya, lakini lina mdundo. Nilipovua spika za masikioni tulikuwa tumesimama stesheni, na akina mama walikuwa dirishani na vidumu vya asali. Nimezoea kuwasikia tangu utoto. Safari hii niliwasikia kwa nota. Mmoja anaitangaza asali yake kwa kushuka hatua mbili, wa nyuma yake anaipandisha, wa tatu anaanza kabla wa kwanza hajamaliza. Treni ikitikisika kuondoka wanaongeza kasi, lakini miinuko haibadiliki. Nguruka wanaouza wana wimbo mwingine. Uvinza kwenye chumvi wana mwingine. Nimeanza kuiandika kwenye daftari, do re mi, bila mpango wa kuifanyia lolote.

Sijalewa muziki huu kiasi cha kumeza kila kitu. Vexations ya Erik Satie, Mfaransa wa karne ya 19, ina maelekezo yanayosomwa kuwa irudiwe mara 840. Mwaka 1963 mtunzi John Cage aliwapanga wapiga piano wa zamu pale New York wakaimaliza kwa zaidi ya saa 18. Hiyo siiwezi na siitaki. Einstein on the Beach, opera ya Philip Glass ya 1976, inakwenda karibu saa tano bila mapumziko na watazamaji wanaruhusiwa kutoka na kurudi. Sisi wa mikesha hilo halitushangazi. Ila Glass wa miaka ya baadaye, hasa kwenye filamu, mara nyingine nahisi harudii nota tu, anajirudia yeye mwenyewe. Na kuna kundi kubwa la waigaji ambao muziki wao unawekwa chini ya matangazo ya benki na video za ndege zisizo na rubani. Wamechukua kujirudia, wakaacha yale mabadiliko madogo yaliyokuwa kazi yenyewe. Huo ndio uliokwama kweli.

Wakati huohuo yupo Julius Eastman, Mmarekani mweusi, aliyetunga Femenine mwaka 1974: njuga zinazotikiswa kwa mashine kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na juu yake kipande kifupi cha vibrafoni ambacho wengine wanakipamba, wanakizunguka, wanakifanyia sherehe. Alitimuliwa kwenye nyumba ya kupanga, karatasi zake nyingi zikapotea, akafariki mwaka 1990 karibu bila mtu kujua. Kazi zake zilizobaki zimeanza kupigwa tena miaka hii. Kama una bando la kazi moja tu, mimi ningekuambia uanze na hiyo.

Aliyebaki mgumu ni mjomba wangu. Zamani alipiga gitaa la kati kwenye bendi za dansi hapahapa Tabora, mji uliokuwa na Tabora Jazz, Nyanyembe na Kiko Kids. Gitaa la kati ndilo lisilotajwa. Watu wanalijua la solo. Wimbo ukifika kwenye chemko, solo anazunguka jukwaani, waimbaji wanashuka kucheza na watu, yeye amesimama na vidole vinne kwenye kipande kilekile mpaka mwenye ukumbi atosheke. Nilidhani angeuelewa muziki huu mara moja. Akasikiliza, kichwa kikiinama kwa mdundo, kisha akauliza, "Wachezaji wanaingilia wapi?"

Nikamwonyesha kwenye simu mwanamke wa Ubelgiji, Anne Teresa De Keersmaeker, ambaye mwaka 1982 alitengeneza ngoma nzima juu ya kazi nne za Reich, Clapping Music ikiwemo. Wanawake wawili wanazunguka, kivuli cha huyu kinapishana na cha yule. Akatazama yote. Hakusema kizuri wala kibaya. Akarudi kwenye lile faili la kwanza na kilichomkera.

"Umesema wako wangapi?"

"Kumi na wanane, mjomba."

"Kumi na wanane! Na wanalipwaje?"

Nikamweleza kwamba kwa muda mrefu hawakulipwa cha maana. Kwamba Reich na Glass waliwahi kushirikiana kazi ya kuhamisha vyombo vya watu pale New York, na Glass alikuwa fundi bomba na dereva wa teksi mpaka alipopita umri wa miaka arobaini, hata baada ya opera yake kujaza ukumbi. Mjomba akacheka sana, kwa sababu naye enzi zile usiku alikuwa jukwaani na mchana alikuwa akipakua magunia stesheni. Akaniambia nimrushie lile faili kwenye simu yake, na nyingine za hao mafundi bomba kama ninazo.